Zebedayo wa Mukumu



Tusomapo Injili ya Marko, sura ya kwanza, macho yetu huwafuata Yakobo na Yohana wanaposhuka mashuani na kwenda zao nyuma ya Yesu. Mara chache tunageuka kumtazama yule mzee aliyebaki. Marko ametuambia kwamba Zebedayo aliachwa pamoja na watu wa mshahara. Nyavu zilikuwa bado kushonwa, samaki walikuwa bado majini, na wanawe wawili wamekwenda. Baadaye twamwona mama yao akiutazama msalaba kwa mbali, lakini mzee mwenyewe hatumwoni tena akitenda jambo lolote.

Leo twataka kumtafuta Zebedayo huyo mahali ambapo pengine hamkutazamia kwamba tungewapeleka: katika parokia ya Kikatoliki ya Mukumu, karibu na soko la Khayega, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu. Najua kuna atakayeuliza, sisi Waprotestanti tuna haja gani na habari za mapadre? Subira kidogo, ndugu. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba anayesali upande ule, na tumekula ugali wao katika matanga mengi.

Kwanza tukumbushane jinsi misheni zilivyoingia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya hapo wageni walifuatana kama siafu. Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, walianza Kaimosi mwaka 1902. Wamisionari wa Mill Hill walikuja kutoka Uganda, wakakaa Mumias mwaka 1904, karibu na boma la Nabongo Mumia, kisha mwaka 1906 wakafungua misheni ya Mukumu katikati ya Waisukha na Waidakho. Mwaka huohuo Waanglikana walianza Maseno, na mwaka 1912 wakafika Butere. Watu wa Kima walikuwa wamekwisha kuanza mwaka 1905, na Wapentekoste wakashika Nyang'ori mwaka 1924. Mtu mwenye miguu mizuri aliweza kulala misheni moja na kula chakula cha jioni cha kesho yake katika misheni nyingine, ingawa huenda angekaribishwa kwa maswali mengi kabla ya kupewa chakula.

Shirika la Mill Hill lilianzishwa Uingereza mwaka 1866 na Herbert Vaughan, nalo lilituma Waingereza, Waholanzi na Watiroli. Walijifunza lugha za hapa, walijenga, walifundisha. Lakini tusidhani ya kwamba wao ndio waliofika katika kila kijiji. Padre mmoja alikuwa na eneo ambalo leo lina parokia nyingi. Aliyefika kijijini, akaketi chini ya mti na watoto na wazee, akawafundisha sala mpaka zikakaa vichwani, alikuwa katekista: mtu wa papa hapa, mwenye mke, shamba na madeni, aliyetembea kwa miguu na baadaye kwa baisikeli akiwa amejaliwa. Kwetu sisi alikuwa mwinjilisti. Majina yao wengi hayakuandikwa katika kitabu chochote. Kanisa la Magharibi mwa Kenya, liwe la upande gani, limesimama juu ya mabega ya watu hao.

Shule na dini vilikuja katika kikapu kimoja, na hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Wazee wetu walitusimulia juu ya kijana aliyefukuzwa katika shule ya madhehebu fulani kwa sababu babake alikataa abatizwe tena. Shule hiyo hatutaitaja, kwa kuwa kila upande ulikuwa na shule ya namna hiyo, nasi Waprotestanti tulikuwa hodari vilevile katika ugomvi huo. Ndugu wa tumbo moja waligawanyika kwa kalamu na ubao. Mpaka leo ziko familia ambazo mwanamume ni wa Kaimosi na mkewe ni wa Mukumu, na sababu yake ni shule iliyokuwa karibu na kwao tu, wala hawakuchagua kwa kupima mafundisho.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kanisa Katoliki lilitaka mapadre Waafrika. Lilikuwa na fedha za kuwasomesha. Tangu mwaka 1889 kulikuwa na chama kilichoanzishwa Ufaransa, katika mji wa Caen, na mama mmoja na bintiye, Stephanie na Jeanne Bigard, kwa ajili ya kulipia masomo ya mapadre wenyeji katika nchi za misheni. Fedha hazikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa nyumbani, katika boma la Mluhya.

Kwa Mluhya mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Babu hafi kabisa maadamu yuko mjukuu aitwaye kwa jina lake. Kijana akisema hataoa, kwa wazee amesema kwamba atafunga mlango ambao watu wengi waliokufa walikuwa wakingoja kuupitia. Maana yake hilo ni zito kuliko kumkosa mkwe au mahari. Sisi tulio Waprotestanti hatukupata kubeba mzigo huu, maana mchungaji wetu huoa. Askofu Festo Olang', mtu wa huku kwetu, aliyewekwa wakfu mwaka 1955 na baadaye mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Waanglikana wa Kenya, alikuwa mume na baba wa watoto. Hakuna mzee aliyemlilia kwamba amelizima jina la ukoo.

Mfikirieni basi Sudi Namachanja, chifu katika nchi ya Wabukusu, mwenye wake wengi na watoto wengi. Mwanawe mmoja, aliyezaliwa mwaka 1923, alibatizwa mwaka 1935 akaitwa Maurice Michael. Huyu ndiye Otunga. Alikuwa kijana mwenye akili, na ilitarajiwa amrithi babaye katika uchifu. Akakataa. Alitaka upadre. Alisoma katika seminari ya Gaba nchini Uganda, kisha akapelekwa Roma, akapadirishwa huko mwaka 1950. Mwaka 1957 aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa askofu Mkatoliki, na mwaka 1973 akafanywa Kardinali, wa kwanza katika nchi hii. Watu husimulia habari hizi kama ngazi ya cheo. Sisi twaziona zaidi kutoka upande wa boma la chifu. Mzee alikuwa na kiti cha kumpa mwanawe, na mwana hakukitaka. Zebedayo alikuwa na mashua.

Tena iko tofauti kubwa kati ya mtu mmoja mwenye kipawa na parokia izaayo watumishi mwaka baada ya mwaka. Kwa muda mrefu Wakatoliki wa huku walipata mapadre wao wengi kutoka ng'ambo, kama sisi tulivyopata wamisionari. Kisha ikafika miaka ya 1970. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri aliwashangaza Wazungu na Waafrika alipotaka wamisionari na fedha za kigeni zisimame kwa muda, ili makanisa yetu yajifunze kusimama kwa miguu yao. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilipokutana Lusaka liliunga mkono wito huo. Kulikuwa na kelele nyingi, na baadhi yetu tuliogopa, maana mishahara ya wachungaji ilitoka wapi?

Katika miaka hiyohiyo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikuwa na swali lilelile, ila walilijibu kwa njia nyingine. Walipokutana Nairobi mwezi wa Desemba 1973 waliazimia kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1976 wakalikazia jambo hilo. Jumuiya ni nyumba chache za majirani, kumi au kumi na tano. Hukutana mara moja kwa juma katika nyumba ya mmoja wao, leo kwa mama huyu, juma lijalo kwa mzee yule. Husoma Injili itakayosomwa Jumapili, hunyamaza kidogo, kila mtu husema neno lililomgusa, huomba, kisha huulizana nani ni mgonjwa na nani hana unga. Kiongozi mara nyingi ni mama. Tukisema kweli, mkutano huo unafanana sana na ushirika wetu wa nyumbani, nasi tungeweza kuwadai haki ya mwandishi kama si kwamba hata sisi tuliupata katika Matendo ya Mitume.

Jimbo la Kakamega lilizaliwa wakati huo hasa. Mwaka 1978 lilitengwa kutoka Kisumu, na askofu wake wa kwanza alikuwa Philip Sulumeti, ambaye aliliongoza mpaka mwaka 2014 na kufariki mwaka 2023. Mwaka 1987 Bungoma nayo ikatengwa. Parokia zikaongezeka, vigango vikawa parokia, na kila parokia mpya ilihitaji padre.

Basi padre hutoka wapi? Hutoka katika jumuiya. Kijana hutumikia altareni, hubeba mshumaa, humfuata padre anapokwenda kumpaka mgonjwa mafuta. Siku moja humwambia paroko. Huenda akapelekwa seminari ndogo, kama ile ya Mtakatifu Petro iliyoko hapo Mukumu, au akamaliza sekondari ya kawaida kwanza. Kisha huja falsafa, na baada yake teolojia ya miaka minne, na kazi za majaribio parokiani. Njia yote yaweza kula miaka minane au zaidi. Wakati wa likizo hurudi nyumbani, na hapo majirani humtazama. Analima? Anamheshimu mamake? Anakwenda jumuiya au anajifungia na vitabu? Wengi hurudi nyumbani kabisa, wakaoa, na jambo hilo si aibu, ingawa twasikitika kusema wako majirani wanaolifanya kuwa aibu.

Desturi moja yao imetufundisha. Kabla kijana hajapewa daraja, jina lake hutangazwa kanisani, kama tunavyotangaza ndoa, ili mwenye neno aseme. Na katika ibada yenyewe, askofu huuliza kama huyu anastahili, naye hujibiwa kwamba watu wameulizwa. Watu wenyewe ni akina nani? Ni yule mama mwenye duka, ni mwenye kinu, ni jirani ambaye ng'ombe wake waliingia shamba la mwenzake wakagombana. Tulifikiri juu ya wachungaji wetu wengine waliochaguliwa na kamati mjini, watu wa nyumbani kwao wakapata habari baadaye katika gazeti.

Karo nazo zimebadilika. Zamani karibu zote zilitoka ng'ambo. Siku hizi parokia huambiwa waseminari ni wako, uwalishe. Kuna harambee, kuna mikungu ya ndizi na jogoo vinavyouzwa kwa mnada baada ya ibada, na jogoo mmoja aweza kununuliwa mara nne akirudishwa kila mara. Tangu mwaka 1964 wana Jumapili moja ya kuombea miito duniani kote, ile ya nne ya Pasaka, na siku hiyo jumuiya nyingi huleta sadaka zao.

Tuliwahi kualikwa katika sherehe ya namna hiyo, kijijini si mbali na Mukumu. Mama wa kijana alikuwa Mkatoliki. Baba alikuwa Rafiki, mtu wa mkutano wa kimya, aliyelelewa katika kanisa lisilo na padre, wala maji ya ubatizo, wala mkate wa meza. Huyu alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Isukuti ilipigwa, ngoma zote tatu, kubwa na ndogo, hata vumbi likapanda. Fahali alikuwa amekwisha kuchinjwa. Wageni walikuja kwa malori.

Baada ya Misa, padre mpya huwabariki watu, na wa kwanza ni wazazi wake. Walipoitwa, mama alikwenda upesi akapiga magoti, akilia. Mzee alisimama polepole, kofia mkononi. Kwa desturi ya Kiluhya mzee ndiye ambarikiye mtoto, na kwa desturi ya kanisa lake hakuna mtu apigiwaye magoti. Alifika mbele, akasimama tu. Watu wote walinyamaza. Kijana akashuka ngazi moja, akawa sawa naye kwa urefu. Mzee akainamisha kichwa, naye mwana akaweka mikono yake juu ya mvi zile. Kisha mzee, bila kuambiwa na mtu, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, wakakaa hivyo kitambo, na kwaya haikujua kama ianze kuimba.

Usiku ule tulilala pale. Asubuhi padre alipanda gari kwenda parokia ya mbali aliyopangiwa. Tulipokuwa tukinywa chai tulimwona mzee akipita nyuma ya nyumba na ndoo, akienda kukama ng'ombe.