Raha Mustarehe Mbele ya Majaji

Lipo dai ambalo wahakiki wa vitabu wamelizoea: kwamba riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili, au ya wanawake wawili, inayomalizika kwa furaha ni mtoto wa juzi. Inasemwa kwamba ilizaliwa na vitabu vya kielektroniki, ikalelewa na wasomaji vijana, ikapevuka mwaka 2019 Casey McQuiston alipotoa *Red, White & Royal Blue* na kitabu kikaingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani. Kabla ya hapo, tunaambiwa, yalikuwa makaburi tu: huyu kajiua, yule kapigwa risasi, mwingine karudi kwa mumewe analia.

Makaburi yapo, sikatai. Lakini dai hili linawafuta watu walioandika mwisho wa heri wakati ambapo kuuandika kulikuwa hatari, na linafuta jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi: kwamba mwisho huo uliwahi kushikwa posta, ukapelekwa mahakamani, ukasomwa na majaji, ukatiwa hatiani. Sisi tuliokulia hadithi za bibi tunaujua mwisho huo kwa jina lake. Wakaishi raha mustarehe. Hatukuwahi kufikiri kwamba maneno hayo yanaweza kuhitaji wakili.

Neno la kuwaitia watu hawa lina shida zake. Pwani mwanamke humwita mwenzake shoga, wakanywa chai, wakasengenya, siku ikapita. Neno hilo hilo akitupiwa mwanamume linageuka tusi. Hapa nitasema wapenzi wa jinsia moja, ingawa ni maneno yenye harufu ya ofisi, kwa kuwa sitaki kuwatukana watu ambao nimekaa nao vitabuni miaka mingi.

Sitasimama kwa Wagiriki wa kale wala kwa Oscar Wilde na kesi zake za mwaka 1895. Hayo yameandikwa hadi yamechosha. Ninalotaka kulifungua ni andiko ambalo wanasheria hulitaja kwa sababu zao na wahakiki hawaligusi kabisa: hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Marekani, ya Mzunguko wa Tisa, iliyotolewa Februari 1957 katika shauri la jarida la *ONE* dhidi ya Otto Olesen, mkuu wa posta wa Los Angeles. Mara ya kwanza niliisoma kama watu wote wanavyosoma hukumu, nikitafuta nani kashinda. Mara ya pili niligundua kwamba ninachosoma ni uhakiki wa hadithi fupi.

*ONE* lilianza Los Angeles Januari 1953, likiwa jarida dogo la wapenzi wa jinsia moja, nakala senti 25. Posta ilililenga mapema. Toleo la Agosti mwaka huo, ambalo jalada lake liliuliza juu ya ndoa za watu wa jinsia moja, lilizuiwa kwa muda kisha likaachiwa. Ndipo likaja toleo la Oktoba 1954. Jaladani palikuwa na makala ya wakili wa jarida, Eric Julber, akiwaeleza wasomaji ni mambo gani sheria hairuhusu kuchapwa na jinsi wahariri wanavyojizuia wenyewe. Mkuu wa posta akalikamata toleo lile lile. Sheria iliyotumika ilikuwa ya ukoo wa ile ya mwaka 1873 iliyoitwa kwa jina la Anthony Comstock, ambayo ilikataza machapisho machafu kusafirishwa kwa barua. Kwa jarida ambalo wasomaji wake walikuwa wametawanyika nchi nzima, kufungiwa posta kulikuwa sawa na kunyongwa.

Mahakama ilinyooshea kidole vitu vitatu: shairi la kejeli kuhusu mabwana wakubwa wa Uingereza, tangazo la *Der Kreis*, jarida la Zurich, na hadithi fupi iitwayo “Sappho Remembered”, iliyotiwa sahihi ya Jane Dahr. Majaji waliieleza hadithi hiyo kwa kirefu. Wakasema ni habari za msichana wa miaka ishirini anayevutwa pande mbili, kwa mwanamke anayempenda na kwa kijana waliyekua pamoja ambaye angeweza kumwoa. Wakataja kwamba mwanamke yule aliwahi kuwa na uhusiano na mwenzake wa chumbani chuoni. Kisha wakafika kwenye kilele, na hapa ndipo hukumu inapojifunua: kilele, kwao, ni pale msichana anapoiacha nafasi ya ndoa ya kawaida ili akaishi na mwanamke. Wakahitimisha kwamba ni ponografia ya bei rahisi iliyokusudiwa kueneza mapenzi ya aina hiyo.

Hadithi yenyewe ni ya upole. Kilichowachoma majaji ni uamuzi wa msichana. Kama angepanda gari la yule kijana ukurasa wa mwisho, au angekutwa amekufa, sidhani kama kurasa zile zingefika mbele yao. Waliisoma hadithi kwa makini kuliko wahakiki wengi wa zama zao, wakaona sawasawa mahali nguvu yake ilipo, wakaiadhibu papo hapo. Kwa hiyo nasema hukumu hii ni chanzo cha historia ya fasihi, na wanaoiachia wanasheria peke yao wanapoteza ushahidi ulio bora kuliko maelfu ya kurasa za magazeti.

Julber alikata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 13 Januari 1958 majaji wa mahakama hiyo, bila kusikiliza hoja za mdomo, waliitengua hukumu kwa sentensi moja, wakiitegemea kesi ya Roth, ya machapisho machafu, iliyoamuliwa Juni 1957. Hawakueleza lolote kuhusu Jane Dahr. Msichana wake akaruhusiwa kuishi na mpenzi wake, na barua zikaruhusiwa kumbeba.

Ukishaujua mkasa huo, vitabu vya miaka ile vinasomeka upya. Marijane Meaker, aliyetumia jina la Vin Packer, alitoa *Spring Fire* mwaka 1952, riwaya ya wasichana wawili wa chuo. Alisimulia baadaye kwamba mhariri wake alimwambia waziwazi kuwa mwisho wa furaha hauwezekani, kwa sababu vitabu vinapita posta na wakaguzi watavirudisha. Mmoja wa wasichana akapelekwa kwenye wazimu, mwingine akaikana nafsi yake, na kitabu kikauza nakala zaidi ya milioni moja. Wahakiki wanaokitaja kama ushahidi kwamba waandishi wa wakati ule walijichukia wanamwonea. Mwisho ule uliandikwa na posta. Mwaka huo huo Patricia Highsmith, chini ya jina la Claire Morgan, alitoa *The Price of Salt*, ambapo Therese anarudi kwa Carol na hakuna anayekufa. Kitabu kilitoka kwanza kwa jalada gumu, kwa mchapishaji mwingine baada ya yule wa awali kukikataa, na barua za wasomaji wenye shukrani zikamfuata mwandishi kwa miezi mingi. Alikaa karibu miaka arobaini kabla ya kukitia jina lake halisi.

Mary Renault naye aliandika *The Charioteer* akiwa Durban, alikohamia mwaka 1948. Kilitoka Uingereza mwaka 1953. Marekani ikakisubiri hadi 1959. Mwisho wake unawaacha wanaume wawili pamoja, wamechoka, wamejeruhiwa, lakini pamoja.

Hata hao walikuwa wamechelewa. Mwaka 1906, Naples, Mmarekani Edward Prime-Stevenson alijichapishia *Imre* kwa jina la Xavier Mayne, nakala 500 tu. Ni habari za Mwingereza na afisa wa jeshi wa Hungaria wanaofichana siri moja hadi inapowashinda, na kitabu kinafungwa wote wawili wakiwa hai na wakiwa wamepatana. Mtu huyu kazi yake ya mkate ilikuwa uhakiki wa vitabu na muziki katika majarida ya New York. Miaka michache baadaye alichapa kitabu kikubwa, *The Intersexes*, nakala 125, na humo akapitia fasihi ya mapenzi ya jinsia moja kama mhakiki, hadi kuvitaja vitabu vyake mwenyewe vya wavulana vya miaka ya nyuma na kueleza mapenzi gani yalifichwa ndani yake. Napenda sana kumfikiria akifanya hivyo. Hakuwapo mhakiki mwingine ambaye angeweza kuvisoma vitabu vile kwa haki, basi akaketi akavisoma mwenyewe.

Kisha E. M. Forster. Mwaka 1913 alimtembelea Edward Carpenter kijijini Millthorpe, ambako mzee yule aliishi na mwenzake George Merrill, mtu wa tabaka la chini, bila kujificha. Forster alirudi na *Maurice* kichwani, na rasimu ilikamilika mwaka 1914. Mwana wa tabaka la kati anampenda mtunza wanyamapori, na wanakwenda zao msituni. Rafiki yake Lytton Strachey aliisoma, akamwandikia, kama Forster alivyokumbuka baadaye, kwamba wawili hao wasingefikisha zaidi ya wiki sita. Forster aliumia, lakini hakubadilisha. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1960 alisema kwamba mwisho wa heri ulikuwa ndio sharti la kuandika, na kwamba mwisho huo ndio ulioifanya riwaya isichapike. Angewanyonga vijana wake, kila kitu kingekuwa rahisi. Sheria ya Uingereza ililegezwa mwaka 1967, Forster akafariki Juni 1970, kitabu kikatoka 1971.

Na wahakiki walikipokeaje? Wengi kwa ubaridi. Cynthia Ozick, mwandishi ninayemheshimu kwa mengi, alikiandikia makala ambayo kichwa chake, ilipoingia katika kitabu chake cha insha, kilikiita hekaya ya kitoto. Hoja ya kwamba Forster aliandika matamanio badala ya maisha ilirudiwa na wengine, na bado inafundishwa. Sina subira nayo. Matamanio ya nani? Riwaya za Kiingereza zimewaoza mabwana na mabibi kwa karne mbili na hakuna aliyesema ndoa zile ni za kitoto. Forster alikuwa ameona nyumba ya Millthorpe kwa macho yake. Carpenter na Merrill waliishi pamoja miongo mingi, si wiki sita. Mhakiki aliyesema jambo hilo haliwezekani alikuwa anashindana na ukweli uliokuwa na anwani.

Uhakiki wa haki ulikuwa ukiandikwa mahali pengine, na watu wasiolipwa. Katika *The Ladder*, jarida la wanawake lililoanza 1956 na kufa 1972, Barbara Grier aliandika kwa jina la Gene Damon safu ya kupitia vitabu, mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1967 yeye na mwenzake walitoa orodha ya vitabu vyenye habari za wanawake wapendao wanawake, wakavipanga kwa herufi: A kwa vile ambavyo mapenzi hayo ndiyo kiini, kushuka chini, na T kwa takataka. Hakuwa mpole, takataka zilikuwa nyingi. Lakini alisoma kila kitu, na alisoma kwa ajili ya mwanamke wa mji mdogo mwenye pesa ya kitabu kimoja tu. Kazi ya mhakiki, kwangu, ni hiyo.

Upande wa wanaume kuna ubishi mdogo ambao ni rahisi kuumaliza. Mara nyingi *The Front Runner* ya Patricia Nell Warren, ya 1974, hutajwa kuwa riwaya ya kwanza ya aina yake kuingia orodha ya *New York Times*. Lakini *The Lord Won't Mind* ya Gordon Merrick ilikuwa imekaa katika orodha hiyo wiki 16 mwaka 1970. Nadhani najua kwa nini imesahauliwa. Riwaya ya Warren inamuua mhusika wake Billy kwa risasi, ikapata heshima ya msiba. Merrick aliwaacha vijana wake wazuri waishi, wahakiki wakaona haya kukiri kwamba waliisoma.

Miaka ya UKIMWI ilirudisha makaburi, na hapo hakuna wa kumlaumu mwandishi. Waandishi walikuwa wakizika rafiki zao. Katikati ya msiba huo, mwaka 1991, E. Lynn Harris alijichapishia *Invisible Life*, akakiuza kwenye saluni za wanawake Weusi hadi mchapishaji mkubwa akakichukua mwaka 1994. Yaliyofuata, kuanzia vitabu vya kielektroniki hadi *Heartstopper* ya Alice Oseman, msomaji anayajua kuliko mimi.

Hukumu ya 1957 ina ndugu yake karibu nasi. Hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, “Jambula Tree”, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ni barua ya msichana kwa msichana aliyetenganishwa naye. Wanuri Kahiu aliitengenezea filamu, akaiita *Rafiki*, na akaeleza kwa nini: ndilo neno ambalo wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya hulazimika kulitumia wanapomtambulisha mwenzao mbele za watu. Mwaka 2018 ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, na Bodi ya Filamu ya Kenya ikaipiga marufuku kwa madai kwamba ilikusudia kueneza mapenzi ya wanawake kwa wanawake. Karibu maneno yale yale ya Mzunguko wa Tisa, miaka 61 baadaye. Kahiu alisema aliombwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima wakaruhusiwa kuitazama, kumbi zikajaa.

Mwisho wenyewe ni mfupi. Kena, mmoja wa wapenzi wawili wa filamu hiyo, amesimama peke yake, anasikia sauti nyuma yake, mkono unamgusa begani, anageuka.