Muuguzi Mmoja, Kazi Tatu

Zamani uuguzi, ukunga na afya ya jamii zilikuwa kozi tofauti. Mwaka wa 1987 Kenya ilianzisha diploma inayoziunganisha zote tatu, kwa maana zahanati ya mashambani mara nyingi huwa na muuguzi mmoja tu. Yeye ndiye huzalisha, huchanja na kutibu.

Chuo cha KMTC kilianza mwaka wa 1927. Leo kina matawi Garissa na Mandera. Diploma hiyo huhitaji gredi C katika KCSE, pamoja na C ya bayolojia na ya Kiingereza au Kiswahili. Kisha kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi, ndipo leseni.

Mama wa Takaba, ukame ukija, usimtoe binti shuleni. Huenda ndiye atakayewapokea wajukuu wako.