Diski za Zamani na Karani wa Mizani

Ndugu wasikilizaji wa Shinyanga na Geita, leo twazungumza habari za diski ngumu, yaani chombo kiwekacho kumbukumbu ndani ya kompyuta.

Mwaka 1983 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya mezani iitwayo PC XT. Diski yake iliweka herufi kiasi cha milioni 10, nayo ilizunguka mara 60 kila sekunde. Kila njia ya mviringo juu yake iligawanywa mafungu 17, na kila fungu lilikuwa na herufi 512. Basi katika sekunde moja herufi zaidi ya 520,000 zilipita mbele ya kichwa cha kusomea. Lakini kompyuta haikuwahi kuzipokea zote. Kwa nini?

Fikirini kituo cha kununulia pamba. Wakulima 17 wanaizunguka mizani pasipo kusimama. Karani apokea mzigo wa kwanza, lakini akiinamia daftari kuandika, wa pili amekwisha kupita. Yampasa amngoje azunguke tena. Hivyo mizigo 17 yataka mizunguko 17.

Wahandisi hawakuongeza mwendo wa diski, bali walibadili mpango. Fungu la pili waliliweka nafasi ya sita nyuma ya la kwanza, na la tatu nafasi ya sita nyuma ya la pili. Lilipofika, karani alikuwa amemaliza kuandika. Mizunguko 6 ikatosha, na herufi kiasi cha 87,000 zikapokelewa kila sekunde. Baadaye kompyuta zilipata wepesi wa kupokea, na mpango huo ukaachwa.

Hapa kwetu, mwaka 1974 Serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likaondolewa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo wengi wetu hatukuziona mashine hizo zilipokuwa mpya.

Hata hivyo, kama chama chenu cha ushirika kina kompyuta kuukuu, msiitupe kwa kuwa ni nzito wa mwendo. Huenda ndani yake mna hesabu ya pamba ya mkulima na fedha anazodai. Nakilini kwanza, hata kazi ikichukua siku nzima. Kungoja ni taabu ya siku moja. Hesabu ikipotea, mkulima atadai kwa ushahidi gani?

Swali la kikundi: kituoni kwenu, kinachochelewesha watu ni mizani au ni daftari?