Reli Iliyoishia Nanyuki

Kwetu Biliqo hakuna anayeamshwa na honi ya garimoshi. Tuna Ewaso Nyiro, tuna ng'ombe, na tuna barabara ya Isiolo ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Reli iliyo karibu nasi zaidi iko Nanyuki. Ilifika hapo mwaka 1930 na haijasogea tena. Ndiyo niliyopanda juzi kuteremka Nairobi, pamoja na kikundi cha watalii wa humu nchini na kijana mmoja wa kutuongoza.

Kijana alianza na simba, kama wanavyoanza wote. Simba wa Tsavo, 1898. Kisha Ryall, yule afisa wa polisi aliyevutwa na simba kutoka ndani ya behewa pale Kima mwaka 1900. Behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Habari tamu, sikatai. Lakini wafanyakazi kutoka India waliokufa reli ikijengwa toka Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, walikaribia 2,500, na wengi wao hawakuuawa na simba hata kidogo. Ni maradhi na ajali. Hao hawana behewa.

Tulipopita Naro Moru nikamwuliza, "Kaka, mbona reli iliishia Nanyuki?"

"Si huko mbele ni jangwa tu, mkubwa?"

Jangwa gani! Huko mbele kulikuwa na ng'ombe, tena wengi, na ndio walioogopwa. Nanyuki ulikuwa mji wa walowezi, na reli ilijengwa ibebe mazao ya mashamba yao. Isiolo ikafanywa lango. Kaskazini yote ilikuwa eneo lililofungwa, kuingia au kutoka ni kwa kibali, na mifugo ikazuiwa kwa karantini kwa sababu ya homa ya mapafu. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Ila karantini hiyo hiyo ilimkinga mlowezi dhidi ya ng'ombe wetu sokoni.

Na wafugaji waliofikiwa na reli? Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kando ya reli katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Kufikia 1913 Laikipia nayo wakaondolewa.

Nauliza haya kwa sababu sasa zamu ni yetu. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na reli yake imepangwa kupita Isiolo kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza la Lamu lilianza kazi 2021. Reli bado iko kwenye ramani, basi muda upo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi isiyosajiliwa ikitwaliwa, fidia yake hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Kusajili kunataka kamati ya watu 7 hadi 15 na daftari la majina ya wanajamii. Kamati si shida, wazee wapo. Daftari ndilo gumu, maana wa kuandikwa wengi wako malishoni na ng'ombe.