Mshale Unaposhuka: Historia ya Geji ya Oili

Soma polepole, na kila mwaka utakaoukuta hapa uandike katika daftari lako. Somo letu la leo linahusu kitu kidogo kinachokaa mbele ya macho ya dereva, nacho ni geji ya oili.

Kazi yake ni nini? Ndani ya injini vyuma huzunguka upesi sana. Pampu huisukuma oili ipite katikati yao ili visisagane. Nguvu ya kusukuma huko huitwa presha. Presha ikikosekana, vyuma hupata moto, huliwa, na mwisho injini hukwama. Basi dereva anahitaji mjumbe wa kumletea habari za mahali asipoweza kuona.

Mjumbe huyo alizaliwa Ufaransa, kabla ya motokaa. Wakati wa mashine za mvuke, watu walipima presha kwa zebaki iliyotiwa katika mrija wa kioo uliosimama wima. Presha ilipopanda, zebaki nayo ilipanda. Lakini presha ya paundi 50 kwa kila inchi ya mraba huinua zebaki zaidi ya mita 2 na nusu, yaani kupita urefu wa mtu. Ni nani atakayechukua mrija kama huo juu ya garimoshi linalotikisika? Na boila ikizidiwa na presha hupasuka na kuua watu.

Huko Paris alikuwako fundi mmoja, Eugène Bourdon, aliyezaliwa mwaka 1808. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitengeneza bomba la kuzungushwa, nalo likabonyea. Akaziba upande mmoja, akasukuma maji ndani kwa pampu ili lirudie umbo lake. Kumbe bomba likaanza kujikunjua! Bourdon akaelewa: bomba bapa lililopindwa hujinyosha presha ikiongezeka, na hujipinda tena presha ikipungua. Ukiliunganisha na mshale, utaisoma presha kwa macho. Mwaka 1849 akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1851 akapewa medali katika Maonyesho Makuu ya London.

Bomba hilo likaingia hata katika motokaa. Chukua mfano wa MGB, gari dogo la mbio lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980. Katika magari ya kwanza ya aina hiyo, bomba jembamba hupeleka oili yenyewe kutoka kwenye injini mpaka kwenye geji. Injini ikiwa na moto na gari likienda, mshale huonyesha paundi 50 hata 80. Gari likisimama na injini ikinguruma taratibu, paundi 10 hata 25 zatosha.

Sasa, mshale ukianguka ghafula, nani mgonjwa: injini au geji? Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Wala usimwite mwongo kabla ya kumchunguza. Fuata njia hii:

Kwanza, simamisha gari na uzime injini mara moja. Geji mpya ni rahisi kuliko injini mpya.

Pili, pima oili kwa kijiti chake. Tazama pia kama bomba la geji linavuja.

Tatu, tazama mshale injini ikiwa imezimwa. Usiporudi kwenye sifuri, geji ina kasoro.

Nne, ikiwa oili inatosha wala haivuji, fundi afunge kwenye injini geji nyingine iliyo nzima, kisha aiwashe kwa muda mfupi. Geji hiyo ikionyesha presha njema, injini ni salama: ubovu uko katika geji ya gari, au bomba lake limeziba. Nayo ikionyesha presha ndogo, mjumbe wa kwanza alisema kweli. Hapo pampu ya oili na vyuma vya ndani vikaguliwe kabla gari halijatembea tena.

Hata leo bomba la Bourdon lafanya kazi katika geji nyingi za mitungi ya gesi na za mashine za kujaza upepo magurudumu. Ukipita kwa fundi wa pancha, utazame mshale wake.

Maswali
1. Kwa nini mrija wa zebaki haukufaa katika garimoshi?
2. Bomba la Bourdon hufanya nini presha ikiongezeka?
3. Mshale wa oili ukianguka, utafanya nini kwanza? Eleza sababu.

Kwaheri mpaka somo lijalo.