Je, Mtu Huzaliwa Akimjua Mungu?

Leo tutazame swali la zamani: kumjua Mungu, je, mtu huzaliwa nako au hufundishwa?

Mwaka 1641 Descartes, mwenye hekima wa Ufaransa, aliandika kwamba Mungu ametia wazo lake ndani ya mtu, kama fundi atiavyo alama yake katika kazi yake. Mwaka 1690 Locke wa Uingereza alikataa. Alisema akili ya mtoto ni kama karatasi isiyoandikwa. Tena alitaja habari za wasafiri, ya kuwa yako mataifa yasiyomjua Mungu kabisa.

Lakini wasafiri waliona sawasawa? Mwaka 1866 Samuel Baker aliwaambia wataalamu wa London kwamba makabila ya Mto Nile, Wanuer wakiwamo, hayamwamini Mungu. Baadaye Evans-Pritchard alikaa na Wanuer, akajifunza lugha yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 alionyesha kuwa humwomba Kwoth, Muumba wa vyote. Baker hakuwaelewa.

Basi, Locke ameshindwa? Ngojeni kwanza. Moto hutumiwa na watu wote, lakini kila mtoto hufundishwa kuuwasha. Na lugha je? Nayo hufunzwa, lakini mtoto huzaliwa na uwezo wa kuipokea.

Kumjua Mungu kunafanana na moto, au na lugha? Zungumzeni darasani, kila mtu atoe sababu yake. Na kabla ya kusema watu fulani hawajui, kwanza tujifunze lugha yao. Kwaherini.