Barolo, Nutella na Mzee Aliyemnyima Kijana Wake Shamba

Wasee, kuna wakati nilipata kazi ya kupiga video kwa sherehe fulani Westlands. Watu wa suti, meza za vioo, na jamaa mmoja amesimama mbele na chupa ameishika kama mtoto mchanga. Akasema huo ni Barolo kutoka Italia, mfalme wa mvinyo na mvinyo wa wafalme, na kwamba unatengenezwa vile vile tangu enzi na enzi, hakuna kitu kimewahi kubadilika. Watu wakatikisa vichwa. Mimi nyuma ya kamera pia nikatikisa.

Kazi ilipoisha nikaonjeshwa kidogo. Manze. Unajua ile strungi imesahaulika kwa jiko, ukiinywa ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani? Hiyo. Halafu ukishameza inakuja harufu ya waridi, na kitu kama lami ya barabara iliyopigwa na jua. Nilienda nyumbani nikaanza kusoma, na nikajipata nimesoma wiki mbili. Kumbe yule jamaa wa suti alitudanganya. Au tuseme yeye pia alidanganywa mahali.

Kama hujafika 18, soma tu. Historia hailevyi.

Tuanze na mahali. Kaskazini magharibi mwa Italia kuna mkoa unaitwa Piemonte, jina ambalo maana yake ni mguuni pa mlima, kwa sababu Alpi ziko hapo nyuma zimekaa na theluji yake. Kusini mwa mkoa huo kuna vilima vinavyoitwa Langhe, na ndani ya vilima hivyo kuna kijiji kidogo cha Barolo, hata watu 1,000 hakifikishi. Mvinyo wa jina hilo unaruhusiwa kutoka kwa vijiji 11 tu vya hapo, na zabibu yake ni aina moja pekee: Nebbiolo. Mji wa karibu wenye shughuli unaitwa Alba. Huko Alba ndiko Nutella ilizaliwa mwaka 1964. Ndiyo, hiyo hiyo ya supamaketi. Shikilia hapo, tutarudi.

Jina Nebbiolo linahusishwa na neno nebbia, yaani ukungu. Wengine wanasema ni kwa sababu zabibu hii huvunwa Oktoba wakati ukungu umeshajaza mabonde, wengine wanasema ni ule unga mweupe unaokaa juu ya ganda lake ikiiva. Vyovyote vile, ni ya zamani kweli. Inatajwa kwa maandishi ya mwaka 1266 huko Rivoli, karibu na Torino. Na sheria za kijiji cha La Morra za mwaka 1431 ziliweka adhabu kwa mtu anayeharibu mzabibu wa Nebbiolo. Kwa hivyo hapo jamaa wa suti alikuwa sawa, zabibu ni ya enzi na enzi.

Lakini ni zabibu ya kusumbua. Inachipua mapema na kuiva mwisho kabisa, kwa hivyo mkulima anakaa na wasiwasi muda mrefu kuliko jirani yake: baridi ya mapema ya masika, mvua ya mawe ya kiangazi, mvua ya Oktoba. Haipendi kila mlima, inataka upande ule unaopata jua. Watu wamejaribu kuipanda California na Australia, na bado ikitajwa kila mtu anaangalia Piemonte. Rangi yake ni hafifu, ukiiangalia kwa glasi unadhani ni kitu laini. Halafu ndio inakuchapa na tanini, ile ile iliyo kwa majani ya chai, inayokausha mdomo. Tanini hiyo pamoja na ukali wake wa asidi ndivyo vinafanya mvinyo huu uweze kukaa. Miaka ikipita tanini zinashikana, nyingine zinazama chini ya chupa kama masimbi, na mdomo unapata nafuu. Rangi nayo inageuka kuelekea ya tofali. Chupa ya mwaka mzuri inaweza kukaa miaka 30 na bado ikawa na cha kusema.

Ndiyo maana sheria inalazimisha watu kungoja. Barolo ni lazima ikae miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo, 18 iwe ndani ya pipa la mbao. Zabibu zilizovunwa Oktoba 2024 hazitauzwa kama Barolo kabla ya Januari 2028. Ile inayoitwa Riserva ni miezi 62. Fikiria unafanya kazi leo na mshahara unaingia baada ya miaka mitatu na kitu. Sasa fikiria wewe ni maskini.

Sasa huo uongo. Mwaka 1787 Thomas Jefferson, kabla hajakuwa rais wa Marekani, alipitia Torino akaonja mvinyo wa Nebbiolo. Aliandika kwenye shajara yake kwamba una utamu, na unachangamka kama champagne. Utamu! Mapovu! Hicho si kitu nilichoonjeshwa Westlands. Sababu ni rahisi: zabibu zilivunwa zikiwa zimechelewa, baridi ya Novemba ikaingia, hamira ikalala kabla haijamaliza kula sukari. Mvinyo ukabaki nusu juisi, na joto likirudi unaanza kuchacha tena ndani ya chombo.

Aliyesaidia kubadilisha hiyo ni mwanajeshi. Paolo Francesco Staglieno alikuwa jenerali, na mwaka 1835 alichapisha mwongozo wa kutengeneza mvinyo: chombo kifungwe, usafi uwe usafi, sukari imalizike yote, mvinyo uwe mkavu na uweze kusafiri. Camillo Cavour, yule ambaye baadaye mwaka 1861 akawa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana, alikuwa na shamba la familia Grinzane, na alikuwa meya wa hapo akiwa kijana wa miaka 22. Akamchukua Staglieno amsaidie. Kwa miaka mingi sifa zote zilipewa Mfaransa aitwaye Oudart, mpaka watafiti wakarudi kwenye karatasi na kumwona mjeshi huyo alikuwa hapo kwanza. Unaona hata wenyewe hawakuwa wanajua nani aliwaanzishia hii kitu.

Pale kijijini Barolo kulikuwa na Giulia Falletti, Mfaransa aliyezaliwa Juliette Colbert na kuolewa na mwenye ngome ya hapo. Wapenda mvinyo wanamkumbuka kwa mapipa. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mfalme Carlo Alberto alimuuliza mbona hajawahi kuonja mvinyo wake, naye akampelekea mapipa 325, moja kwa kila siku ya mwaka ukitoa siku za Kwaresima. Mimi nilimpenda kwa kitu kingine. Aliingia magereza ya wanawake Torino, akaona vile wanawekwa, na akapigana kwa miaka kubadilisha hali yao. Hiyo huwekwa sentensi moja kwa lebo, kama iko.

Kwa hivyo Barolo kama inavyojulikana leo ina miaka chini ya 200. Na wafalme waliinywa, sawa. Waliolima je?

Hapa ndipo Nutella inaingia. Vilima vya Langhe vilikuwa na umaskini wa kweli. Kuna riwaya ya Beppe Fenoglio ya mwaka 1954, La malora, kuhusu kijana wa huko anayepelekwa kuwa mtumishi kwa shamba la watu kwa sababu kwao hakuna kitu. Wakulima wengi hawakuwa na jina kwa chupa yoyote. Walipeleka zabibu sokoni Alba, na mabroka na kampuni kubwa ndio walisema bei. Zabibu hazingoji. Ukikataa bei ya asubuhi, jioni bado umesimama na mzigo unaharibika. Sidhani mtu wa kwetu anahitaji kuelezwa broka ni nani.

Ferrero ilianza Alba mwaka 1946. Kakao ilikuwa adimu baada ya vita, lakini njugu za hazelnati zilikuwa tele kwa vilima hivyo hivyo, basi wakachanganya. Mabasi ya kiwanda yakawa yanapanda vilima kuchukua wafanyakazi. Wengine wakaenda Torino kuunda magari ya Fiat. Mshahara kila mwezi, mtu wangu, si baada ya miezi 38. Waliobaki na mizabibu wengi walikuwa wazee.

Mmoja wa vijana waliobaki ni Elio Altare wa La Morra. Mwaka 1976 alienda Burgundy, Ufaransa, kuona wenzake wanafanyaje. Alilala kwa gari yake kwa baridi. Akawakuta wakulima kama yeye, wenye mashamba madogo kama yake, lakini wao wana pesa na likizo. Akarudi nyumbani na maswali. Mbona tunaacha mzabibu uzae mashada mengi hivi? Mbona mapipa ni machafu? Akaanza kukata mashada mabichi msituni mwa majani, mengine yaanguke chini, ili yaliyobaki yaive vizuri. Kwa mzee aliyekua na njaa, kutupa zabibu chini ni wazimu. Ni dhambi kabisa.

Halafu mwaka 1983 akachukua msumeno wa injini, ule wa kukatia miti, akaingia ghalani na kukata mapipa makubwa ya babake. Badala yake alitaka barrique, mapipa madogo mapya ya mwaloni wa Ufaransa, lita 225 kila moja.

Mzee Giovanni alimnyima urithi. Shamba likaandikiwa ndugu zake. Mzee akafa mwaka 1985 akiamini kijana wake alichanganyikiwa, na Elio ikabidi anunue shamba la kwao kutoka kwa ndugu zake mwenyewe.

Hapo nilifunga kompyuta kidogo. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na mzee wangu alikaa miezi mingi akinipitia sebuleni kama kiti. Sikukata kitu chake chochote na msumeno, lakini karo ilikuwa imelipwa kwa kuuza ng'ombe wawili, na nadhani kwake ni kitu kile kile.

Mwaka 1986, Machi, Italia ikaamka na vifo. Mvinyo wa bei ya chini uliwekwa methanoli ili kupandisha nguvu yake kwa pesa kidogo. Zaidi ya watu 20 walikufa na wengine wakapofuka. Kampuni iliyokuwa katikati ya kesi ilikuwa Narzole, kilomita chache tu kutoka Barolo. Hatuhitaji mkalimani hapo. Kumi Kumi ya Novemba 2000 iliua zaidi ya watu 100 hapa Nairobi, na Mei 2014 ikarudi Embu, Kiambu, Makueni na kwingine. Sumu ile ile, hesabu ile ile ya mtu kutafuta faida kwa macho ya maskini. Ulaya na Marekani hakuna aliyetaka kugusa chupa ya Italia kwa muda. Na wale waliokuwa wamehangaika na usafi na mashada machache, waliokuwa wanaitwa wazimu, ndio walikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kundi hilo likaja kuitwa Barolo Boys, ingawa lilikuwa na dada, Chiara Boschis. Mvinyo wao ulikuwa laini, haukutaka kungojwa sana, na Wamarekani wa miaka ya 1990 waliununua kwa fujo. Lakini sitaki mdhani wazee walikuwa wajinga. Bartolo Mascarello, pale pale Barolo, alibaki na mapipa makubwa ya zamani na kuchachusha polepole. Alisema mbao mpya inafanya kila mvinyo unuke vanila, uwe wa Langhe au wa popote. Akiwa kwa kiti cha magurudumu alichora lebo kwa mkono, na moja aliandika No Barrique No Berlusconi. Mimi naona alikuwa na hoja. Mpaka leo wengi wa wale vijana wamerudi kwa mapipa makubwa, na watoto wa wazee nao wanakata mashada mabichi bila kuomba msamaha.

Mascarello alifariki 2005, na shamba linaendeshwa na binti yake, Maria Teresa. La Altare, lile lililonunuliwa mara ya pili, liko na binti yake, Silvia.

Mzee wangu aliniongelesha juzi. Aliuliza ile video ya Westlands ililipa ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akauliza kama kamera inahitaji nyingine mpya.